Kifungo Kikiisha, Kiishe

Mtu akihukumiwa kifungo cha miezi sita katika Kenya ya leo, hutumikia miezi hiyo gerezani, kisha huanza kutumikia adhabu nyingine uraiani isiyo na tarehe ya mwisho. Hakuna sheria ya jumla nchini inayoeleza ni lini rekodi ya kosa itakoma kutumiwa dhidi ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa. Hakuna cheti ambacho hakimu anaweza kumpa aliyemaliza kifungo na kukaa miaka bila kosa, ili akionyeshe kwa mwajiri au ofisi ya leseni kuwa deni lake kwa jamii limelipwa. Cheti kilichopo ni kile cha maadili mema, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), na kwa mwenye rekodi hicho ndicho kinachomfungia mlango. Tunapiga kamsa kwa sababu hali hii inawamaliza vijana wa Nairobi huku Bunge likitazama.

Asubuhi ya siku yoyote ya kazi, katika Huduma Centre ya GPO kwenye Barabara ya Kenyatta, vijana hupanga foleni na bahasha zao za kaki. Wamekwisha kuomba cheti kupitia eCitizen, wamelipa Sh1,050, wamechapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja na kubeba kitambulisho. Wakifika mezani, huchukuliwa alama za vidole, kimoja baada ya kingine, vyote kumi. Alama hizo hupelekwa makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu, zikalinganishwe na zile zilizohifadhiwa. Wengi hurudishiwa cheti safi wakaendelea na maisha. Aliyewahi kupatikana na hatia hurudishiwa kosa lake likiwa limeandikwa. Karatasi hiyo haielezi alikuwa na umri gani wakati huo, alitubu vipi, wala amefanya nini tangu siku hiyo. Inasema kweli, lakini nusu ya kweli, na mwajiri mwenye maombi mia mezani hana muda wa kutafuta nusu ya pili.

Tazama sasa ni kazi zipi zinazodai karatasi hiyo. Dereva na makanga wa matatu ya nambari 46 inayotoka katikati ya jiji kwenda Kawangware hawapati beji ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) bila cheti cha polisi. Dereva wa teksi za programu za simu hudaiwa hicho hicho. Mlinzi wa lango hudaiwa hicho na kampuni yake. Mwalimu hukipeleka kwa Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) anapoomba kusajiliwa. Msichana anayetafuta kazi ya nyumbani Saudi Arabia au Qatar hukipeleka kwa wakala kabla ya safari.

Kwa mkazi wa Kawangware au Kangemi, orodha hiyo ndiyo karibu soko zima la ajira. Anayeishi Kawangware hushika Barabara ya Gitanga alfajiri kwa miguu kuelekea Lavington, Kileleshwa na Kilimani, akatafute kazi ya ulinzi, ya bustani, ya kufagia ofisi au ya kuendesha gari la mwenye nyumba. Wa Kangemi huvuka Waiyaki Way kuelekea Loresho na Westlands kwa shughuli hizo hizo. Ni kazi za kuaminiwa katika milango na watoto wa watu wengine, na ndiyo maana cheti hutangulia kuulizwa. Mtoto wa tajiri aliyewahi kukosa anaweza kuajiriwa katika biashara ya babake bila mtu kumwomba fomu ya C24. Mtoto wa mama mboga hana baba wa kumpa ofisi. Hivyo kosa moja huwapata wawili kwa uzito usio sawa, ingawa sheria iliyovunjwa ni ile ile.

Rekodi yenyewe hupatikanaje? Mapema mwaka 2017, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki (NCAJ) lilizindua ripoti ya ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai nchini. Ukaguzi huo ulionyesha kuwa wengi wanaokamatwa na kushtakiwa ni maskini wenye makosa madogo madogo: ulevi na fujo, kuuza bidhaa bila leseni, kuzurura, kusumbua amani. Wezi wa kutumia bunduki au wa kutumia kalamu ni wachache katika msururu unaofikishwa mahakamani kila Jumatatu.

Anayekamatwa Ijumaa usiku hukaa seli hadi Jumatatu, kisha hupandishwa kizimbani Kibera au Milimani bila wakili. Ushauri anaopewa na wenzake wa seli ni mmoja: kubali kosa, ulipe faini, uende nyumbani. Akikana, kesi itaahirishwa, dhamana itamshinda, na kibarua alichokuwa nacho kitachukuliwa na mwingine. Basi hukubali, hata pale ambapo angeshinda. Hakuna anayemweleza kwamba neno hilo moja, "ndiyo", litamkuta tena miaka kumi baadaye kwenye meza ya mwajiri. Faini aliyolipa siku hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya bei.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ilitoa maoni yake ya ushauri Desemba 4, 2020, kwa ombi la Chama cha Mawakili wa Afrika, kwamba sheria za uzururaji zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Miaka imepita, na vijana bado wanabeba rekodi zilizotokana na makosa ya aina hiyo. Ongeza hapo waliokamatwa katikati ya jiji wakati wa maandamano ya Juni 2024 na ya Juni na Julai 2025. Wapo wanafunzi na wahitimu wa vyuo vikuu miongoni mwao. Wakipatikana na hatia, taifa litakuwa limewasomesha kwa mkopo wa serikali na kuwazuia kufanya kazi kwa cheti cha serikali.

Wapo pia wasiostahili kuwa katika orodha hiyo hata kidogo. Teresa Njoroge alikuwa mfanyakazi wa benki. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, akaingia Gereza la Wanawake la Lang'ata akiwa na binti yake wa miezi mitatu. Baadaye rufaa yake ilifaulu na akaondolewa hatia. Alipotoka alianzisha shirika la Clean Start, linalowasaidia wanawake wanaotoka gerezani kujenga maisha upya, na ametumia jukwaa hilo kuueleza ulimwengu kwamba wengi aliowakuta ndani walifungwa na umaskini kabla ya kufungwa na mahakama. Ikiwa mwanamke mwenye elimu na taaluma alipitia haya, je, yule asiyejua hata nambari ya faili yake?

Katiba iko wazi kuhusu watu wa aina hii. Ibara ya 35 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kudai taarifa zilizopitwa na wakati au zisizo sahihi zirekebishwe. Kwa hivyo aliyeachiliwa huru au ambaye kesi yake iliondolewa hapaswi kupanda ngazi za ofisi akibembeleza jina lake lisafishwe. Ni wajibu wa mahakama kupeleka uamuzi wake kwa DCI, na wajibu wa DCI kurekebisha rekodi bila kuombwa. Ofisi hizo mbili zinalipwa na mlipakodi mmoja.

Lakini hoja yetu haiishii kwa wasio na hatia. Tunamzungumzia hasa yule aliyekosa kweli, akakiri au akathibitishiwa, akaadhibiwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Aliyelipa hadaiwi tena, na anayeendelea kumdai ndiye mwenye kosa.

Serikali yenyewe inaonekana kuamini hivyo ndani ya magereza. Wafungwa hufundishwa useremala, ushonaji, uashi na uchomeleaji, hufanya mitihani ya ufundi na hata mtihani wa kidato cha nne. Wapo waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa Kamiti na Lang'ata. Nambari za usajili za magari yetu hutengenezwa na wafungwa wa Kamiti. Fikiria maana yake: mtu huyo anaaminiwa kutengeneza bamba linaloitambulisha matatu mbele ya sheria, kisha akitoka gerezani karatasi inamzuia kukusanya nauli ndani ya matatu hiyo hiyo. Mkono mmoja wa serikali unamfundisha kazi na mwingine unamnyang'anya. Gharama ya mafunzo hayo inapotea, na anayeipoteza ni umma.

Ajabu kubwa zaidi imo katika Katiba. Ibara ya 99 inamzuia kuwania ubunge mtu ambaye, siku ya kujiandikisha au ya uchaguzi, yuko chini ya hukumu ya kifungo cha miezi sita au zaidi. Hata huyo hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Akimaliza kifungo, kizuizi hicho kinakoma. Maana yake ni kwamba mtu aliyefungwa kwa wizi akamaliza adhabu anaweza, kwa ibara hiyo, kugombea kiti cha kutunga sheria za nchi nzima. Mtu huyo huyo akiomba kazi ya kulinda lango Kileleshwa, rekodi yake haina mwisho. Waliotunga Katiba walijua kwamba adhabu lazima iwe na kikomo. Waliweka kikomo hicho kwa wanasiasa. Mlinzi, makanga na mjakazi wakasahauliwa.

Historia nayo inatushtaki. Barabara ambayo foleni ya GPO hujipanga kando yake ina jina la mtu aliyehukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Hukumu ile ilikuwa ya dhuluma, na Wakenya hawakuiruhusu iamue mustakabali wake: miaka kumi baadaye Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Mmoja wa wenzake wa Kapenguria, Paul Ngei, alipatikana na kosa la uchaguzi baada ya uchaguzi wa 1974, akazuiwa kugombea kwa miaka mitano. Desemba 1975 Bunge liliirekebisha Katiba kwa haraka ya ajabu ili Rais apate mamlaka ya kumwondolea mtu kizuizi cha namna hiyo. Ngei akasamehewa na mwaka uliofuata akarudi Bungeni. Kwa hiyo Bunge la Kenya linajua vizuri namna ya kumfungulia njia mtu aliyefungiwa na hukumu. Liliwahi kufanya hivyo kwa mtu mmoja mwenye jina kubwa. Tunalitaka lifanye vivyo hivyo kwa wasio na majina, tena kwa utaratibu wa wazi unaomhusu kila mtu.

Wazee wetu waliijua karatasi inayomfuata mtu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, chenye alama za vidole na historia ya kazi zao, wakikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Harry Thuku na wafuasi wake walikipinga katika mji huu huu, na watu waliuawa kwa risasi Machi 1922 wakidai aachiliwe. Taifa lililozaliwa katika upinzani huo halifai kuwa na hati inayomfungia mtu riziki kwa alama za vidole vyake maisha yake yote.

Tunazisikia hoja za wanaosita. Mzazi ana haki ya kujua kwamba mwalimu wa mwanawe hakuwahi kumdhulumu mtoto. Benki ina haki ya kuogopa aliyeiba benki. Aliyeumizwa na mhalifu ana haki ya kuuliza mbona wepesi huu wa kusahau. Hoja hizo ni za haki na tunaziunga mkono. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inatambua daftari la waliopatikana na hatia ya makosa hayo, na daftari hilo libaki. Muuaji, gaidi na mnajisi wa watoto hawapaswi kufaidika na pendekezo letu. Tunachokataa ni kumweka kijana aliyenaswa na misokoto miwili ya bangi akiwa na miaka 19 katika kapu moja na hao, na kumweka humo hadi kaburini. Usalama hujengwa kwa kupima: kosa lilikuwa gani, lilitokea lini, na lina uhusiano gani na kazi inayoombwa. Aliyepigana baa miaka minane iliyopita si hatari kwa mashine ya kushona.

Wenzetu wamekwisha kulifanya hili, na anga haijaanguka. Uingereza, ambayo ndiyo iliyotuachia sehemu kubwa ya sheria zetu za jinai, ilitunga Sheria ya Urekebishaji wa Wahalifu mwaka 1974. Chini ya marekebisho yaliyoanza kutumika Uingereza na Wales mwaka 2023, kifungo kisichozidi mwaka mmoja hukoma kuhesabiwa miezi 12 baada ya kumalizika, mradi mtu asirudie kosa, huku kazi za shule na afya zikiwekewa masharti makali zaidi. Afrika Kusini humruhusu aliyepatikana na hatia ya kosa lisilo zito aombe rekodi yake ifutwe baada ya miaka 10. Katika jimbo la New York nchini Marekani, idara inayosimamia magereza inaweza kumpa mtu cheti cha kumwondolea vizuizi vya ajira na leseni, kwa mwenye kosa dogo baada ya mwaka mmoja wa mwenendo mwema, na kwa makosa mazito baada ya miaka mitatu au mitano. Tulichukua sheria za Mwingereza za kuadhibu, tukaacha ile ya kurekebisha.

Watasema wengine kwamba msamaha wa Rais upo. Upo, katika Ibara ya 133 ya Katiba, na Kamati ya Ushauri kuhusu Msamaha inafanya kazi yake. Lakini huruma ya Ikulu ni ya wachache. Kijana wa Kangemi aliyelipa faini ya shilingi elfu chache hawezi kusubiri jina lake lifike mezani kwa Rais ndipo apewe beji ya makanga. Haki ya mtu mdogo iwe karibu naye, katika mahakama ile ile iliyomhukumu.

Njia halali inapozibwa, ya kando hufunguka. Kila mkazi wa Nairobi anajua sifa ya River Road kwa karatasi bandia, na kila afisa anajua kwamba mkono mtupu haulambwi. Asiyeweza kupata cheti safi kwa haki hushawishika kukinunua. Anayekataa kununua na kukosa kazi hurudi mtaani, ambako genge halimwombi mtu cheti cha maadili mema. Kisha tunashangaa kwamba waliotoka gerezani wanarudi.

Basi hatua ni hizi. Kwanza, Bunge litunge sheria itakayoweka muda maalum ambao rekodi itakoma kutumiwa: aliyepigwa faini, aliyewekwa chini ya uangalizi au aliyepewa kazi za jamii asafishwe mara tu amalizapo na kukaa mwaka mmoja bila kosa, aliyefungwa muda mfupi asubiri miaka michache, mwenye kifungo kirefu asubiri zaidi na asikilizwe na hakimu. Makosa yasiyofutika yaorodheshwe wazi. Pili, mahakama za Kibera, Milimani na kwingineko zipewe mamlaka ya kutoa cheti cha urekebishaji, bila malipo, kwa fomu ambayo mtu anaweza kuijaza bila wakili. Tatu, DCI itoe cheti kinachoonyesha tu yale ambayo sheria inaruhusu yaonyeshwe. Nne, NTSA, mamlaka ya walinzi wa kibinafsi, TSC na ofisi zote za leseni ziandike sababu zinapomkataa mwombaji, kama Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015 inavyodai, na zieleze kosa lake linahusianaje na kazi yenyewe.

Waajiri nao wana la kufanya leo bila kungoja Bunge. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti vya kuidhinishwa kutoka kwa mtu ambaye hana nia ya kuingia naye mkataba. Wengi wanaipuuza, wakitangaza nafasi moja na kuwalipisha mamia gharama ya cheti. Waiheshimu. Na wakikuta rekodi ya zamani, wamwite mhusika wamsikilize kabla ya kulitupa faili lake.

Kwako msomaji uliye na kesi au mwenye mwana aliyekamatwa: usikubali kosa ambalo hukulitenda ili tu ufike nyumbani jioni. Omba maelezo ya shtaka, uliza msaada wa kisheria, na ukiachiliwa, chukua nakala ya uamuzi uihifadhi kama hati ya shamba.

Wabunge wa Starehe, Westlands, Dagoretti Kaskazini, Dagoretti Kusini, Kibra na Lang'ata wanazijua foleni hizi, kwa kuwa waliomo ni wapigakura wao. Mmoja wao awasilishe mswada wa hatua hizi na wengine wamuunge mkono. Wakija kuomba kura Agosti 2027, waulizwe swali moja kabla ya hotuba: mswada uko wapi?